Povu

Chuo chetu kidogo: ukipiga chafya ghorofani
mpishi wa kantini anakujibu "afya".
Darasa la jiolojia tulikuwa tisa,
wanane, Sefu alipohamia uhasibu.
Hapakuwa na pa kujificha,
ndiyo maana Dokta Kokushubira aliniona nikisinzia,
na badala ya kunitoa nje akanipa ufunguo.

"Maabara ni yako, Jumanne na Ijumaa.
Mashine ni moja, ina homa za vipindi, izoee.
Nataka mtu wa kupima chumvi visimani Hananasif,
visima kumi na viwili, majuma kumi na manne.
Posho ni ya nauli na soda."
Nikasema, "Mimi mwaka wa pili tu, Dokta."
"Chumvi haiulizi mwaka."

Nilidhani utafiti ni wa wenye mvi na makoti meupe.
Kumbe ni kupiga hodi.
Hodi mara kumi na mbili, chupa mkononi,
kuapa kwamba sikutumwa na watu wa kodi
wala wa maji, wala wa chama.
Kumbe ni kuandika moja nukta tisa,
mbili nukta moja, moja nukta tisa,
mpaka tarakimu zinakufuata kitandani
na kuomba shuka.

Kisima namba saba ndicho kilichonitia aibu.
Juma hili kitamu, juma lijalo chumvi tupu.
Grafu yangu ikapanda ikashuka
kama mlevi ngazini.
Nikailaumu mashine. Nikaiosha, nikaibembeleza.
Usiku mmoja nikashika kifutio:
namba tatu tu, nani angejua?
Kifutio kilinukia peremende.
Nikakirudisha mkebeni.
Si kwamba nilikuwa mwema;
katika darasa la watu wanane
uongo hukosa kiti.

Ubavuni mwa kisima hicho anafua Somoe,
dobi, redio yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Majuma saba alinitazama bila neno.
La nane akauliza, "Unatafuta nini humo na kijiti chako?"
"Chumvi."
Akacheka mpaka akaliachia shati.
"Mwezi ukiwa mpevu sabuni yangu inakufa.
Mche wa siku tatu unaishia kwenye mashuka mawili, povu hamna.
Mwezi ukiandama, vilevile.
Hapo katikati, povu hadi kiwiko.
Siku za bamvua mimi sipokei nguo nyeupe ya mtu."

Nikarudi maabara nusu nikikimbia.
Nikaitandaza kalenda ya mwezi juu ya grafu,
nikaziinua pamoja dirishani:
kilima juu ya kilima, bonde juu ya bonde.
Mlevi wangu hakuwa mlevi.
Alikuwa bahari, anapanda na kushuka gizani
chini ya vyumba tunavyolala.

Ripoti ikafika kwenye majina.
Nikaandika langu, la Dokta, na la dobi.
Dokta akavua miwani.
"Watu hawa huwa tunawaweka kwenye shukrani."
Sauti yangu ilitetemeka, lakini ilitoka:
"Shukrani ni ya aliyenishikia chupa.
Huyu amepima miaka sita kabla yangu,
kwa sabuni yake mwenyewe."
Feni ikazunguka. Ikazunguka tena.
Akachukua kalamu nyekundu,
akasahihisha herufi moja:
nilikuwa nimeandika Sumoe.

Nikampelekea nakala.
Akapangusa mikono kwenye gauni, akalitafuta jina lake,
akaliwekea kidole chenye maji;
wino ukachuja kidogo kwenye *o*.
"Kwa hiyo maji yatakuwa mazuri?"
Nikatazama viatu vyangu.
"Bado. Kwanza watu wasome."

"Basi waambie wasome upesi," akasema,
tayari ameshainama kwenye beseni,
"keshokutwa bamvua,
na nina mashuka ya gesti nzima."